Majaribio 31 yamepita, hesabu ni mbovu: testthat baada ya kusi moja na kaskazi moja

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza mtu wa Mombasa atakaloniuliza. Bure. testthat ni pakeji ya R, yaani furushi la maagizo tayari, ya kuandika majaribio yanayoangalia kama hesabu zako zatoka sawa, na R yenyewe ni programu ya takwimu isiyouzwa; zote mbili unazishusha kutoka CRAN, ghala la mtandaoni la watu wa R, bila kutoa hata thumni. Kilichonitoka mfukoni ni shilingi 4,000 za darasa la Jumamosi mbili, na bando za intaneti. Darasa nitalisema vibaya kidogo, kwa hivyo jina lake silitaji. Lilikuwa Tudor, ghorofa ya pili, kiyoyozi kikali kama cha ukumbi wa harusi.

Kazi yangu ni hesabu za samaki. Mradi wetu ni mdogo, madiko manne tu, na kila diko lina kijana mwenye mizani na simu. Vyombo vikishuka asubuhi yeye anapima: changu, tafi, pono, pweza, siku ya neema nguru. Jioni rekodi zanifikia mimi, na mimi ndiye wa kusema mwisho wa mwezi kwamba safari moja ya chombo kimoja imeleta kilo ngapi kwa wastani. Kwa miaka mitatu nilikuwa na faili moja refu la kodi (ya kompyuta, si ya nyumba, ingawa zote mbili zaninyima usingizi), mistari karibu 900, nusu yake nimeirithi kwa aliyenitangulia. Mwaka jana nikalikatakata, nikalifanya pakeji yenye funksheni kumi na moja, yaani vipande vya kodi, kila kimoja na kazi yake, nikaipa jina diko.

Kilichonisukuma kutafuta majaribio ni nguru wa shilingi mbili. Mwezi mmoja jedwali la bei lilitoka likidai kwamba wastani wa bei ya samaki kwenye diko fulani ni shilingi 2 kwa kilo. Bosi wangu ni mtu mpole. Aliniuliza tu, "Dadangu, samaki wa bei hii mbona hukutuletea na sisi?" Bei za siku ile zilikuwa tatu: 350, 400 na 90. Wastani wake ni 280. Ile 2 ilitoka wapi?

Ilitoka kwenye kitu ambacho R inakiita fakta. Safu ya maneno ikigeuzwa fakta, R huyapanga maneno yale kama kamusi inavyopanga, kisha kila neno hulipa nambari yake ya ndani. Na "90" kwa mpango wa kamusi inakaa nyuma ya "400", maana tisa yaja baada ya nne. Basi 350 ikawa namba moja, 400 namba mbili, 90 namba tatu, na ukiiambia R igeuze fakta kuwa nambari bila uangalifu, inakupa hizo nambari za ndani: 1, 2, 3. Wastani: 2. Zamani R ilikuwa ikiyageuza maneno kuwa fakta yenyewe kila ilipounda au kusoma jedwali. Tabia hiyo iliachwa katika R 4.0.0, Aprili 2020. Lakini kodi yangu ya urithi ilikuwa na mstari mmoja ulioilazimisha iendelee na mambo ya kale. Hakuna kosa lililotangazwa. Kompyuta ilikuwa imetulia kama maji ya Tudor asubuhi.

Nikataka mlinzi. Kitu cha kupiga kelele kabla ya bosi.

Ndipo nikaingia darasani. Mwalimu alikuwa kijana mwerevu na mwenye haraka. Jumamosi ya kwanza nzima tulijaribu funksheni inayojumlisha 2 na 2. Sikatai, mtu huanza na jambo dogo, lakini hakuna aliyepanda matatu kutoka Mtwapa kwenda kuhakikisha kwamba mbili na mbili ni nne. Jumamosi ya pili ndipo akatufunza namna ya kuandika majaribio ya pakeji zetu wenyewe, na njia yake ilikuwa hii: endesha funksheni yako, tazama jibu lililotoka, linakili, libandike ndani ya expect_equal, ile inayodai jibu lilingane na ulichoandika. "Hivyo tu, dada. Kuanzia leo jibu likibadilika, utajua."

Nikarudi nyumbani na furaha zangu. Usiku mmoja, na birika la kahawa chungu na kashata mbili, nikaandika majaribio 31. Nasema kweli, kwa upande huu testthat ni tamu. Unaandika use_testthat(3), ya pakeji jirani iitwayo usethis, mara moja katika maisha ya pakeji, na folda inajitengeneza. Kisha use_test("wastani"), ya usethis vilevile, inakufungulia faili jipya mahali panapofaa. Ndani yake unaandika jaribio, unabonyeza Ctrl, Shift na T pale RStudio, programu ninayoandikia R, na mlolongo unapita mbele ya macho yako mpaka mstari wa mwisho:

[ FAIL 0 | WARN 0 | SKIP 0 | PASS 31 ]

Tena ina ujanja mmoja wa kibinadamu: mara mojamoja yote yakipita inakurushia neno la sifa na kikatuni cha kushangilia. Usiku ule ilinisifu. Nikaizima laptopu nikalala kama mtoto aliyekogeshwa.

Nilikuwa nimesifiwa kwa hesabu mbovu.

Kuna mzee kwenye diko letu moja upande wa Likoni; wote pale wanamwita Ami, na mimi namwita hivyo hivyo. Alikuwa nahodha wa mashua. Sasa magoti yamekataa, anashinda chini ya mkungu na daftari la Kasuku, akiandika kila chombo kinachotoka na kila kinachorudi. Hakuna aliyemtuma. Mwezi Julai nilivuka na feri kwenda kumsomea matokeo, zaidi kwa adabu kuliko kwa haja.

"Shikamoo Ami."

"Marahaba mwanangu. Hebu nisomee nisikie."

Nikamsomea Jumanne moja, kilo kumi kwa safari. Alicheka hadi akakohoa.

"Kilo kumi? Na kusi lilivyokaza? Labda bahari ya kwengine."

Akalamba kidole, akafunua kurasa, akanipa daftari. Jumanne ile vyombo sita: 12, 8, kistari, 15, 5, kistari. Nikahesabu kwa kidole. Jumla 40. Gawanya kwa sita, kilo sita na theluthi mbili. Gawanya kwa nne, kumi barabara.

"Hawa wawili wa kistari walikwenda baharini?"

"Walikwenda, wakarudi kapa. Mafuta ya injini walitia, chambo walinunua. Wewe wahisabu waliopata, mwanangu. Mimi nahisabu waliokwenda."

Nilirudi na feri nimesimama karibu na ukingo, sioni maji wala watu. Kasoro niliijua kabla hatujagusa upande wa kisiwani. Data yangu ina majedwali mawili, moja la safari na moja la samaki waliopimwa. Funksheni yangu ilikuwa inayaunganisha kwa merge(), na merge() ukiiacha na desturi yake inabakiza tu mistari iliyo na mwenzake katika majedwali yote mawili. Chombo kilichorudi kapa hakina samaki wa kuandikwa, kwa hivyo kwenye jedwali la pili hakimo, na kikiunganishwa kinatoweka. Hakiwi sifuri. Kinakuwa kana kwamba hakikuondoka ufukweni.

Na ubaya wake haukuwa sawa mwaka mzima, hapo ndipo niliposikia tumbo linanikata. Kaskazi, bahari ikiwa shwari, wanaorudi kapa ni wachache, kwa hivyo wastani wangu ulikuwa umekosea kidogo. Kusi likivuma ndio wanaongezeka, na wastani ulikuwa unapanda palepale ulipotakiwa kushuka. Ripoti zangu za miezi zilikuwa zimesawazisha pepo mbili ambazo kila mtoto wa pwani anajua hazifanani.

Majaribio 31 yalikuwa yanasemaje wakati huo? Yalikuwa yamepita yote. Yasingeacha kupita, kwa sababu jibu la kulinganishia lilitoka kwa mshtakiwa mwenyewe. Niliiuliza funksheni "jibu ni ngapi?", ikasema kumi, nikaandika kumi, kisha kila siku naiuliza "je, bado ni kumi?" Nikakimbilia covr, pakeji nyingine inayopima ni mistari mingapi ya kodi imepitiwa na majaribio. Ikanipa asilimia 100. Na haikudanganya: kila mstari nilioandika ulikuwa umepitiwa. Mstari niliosahau kuandika haumo katika hesabu ya mtu yeyote.

Nilifuta majaribio 31. Nilitengeneza chai, nikatoa karatasi ya mraba ya mtoto wangu, nikaandika vyombo sita vya Ami kwa kalamu, nikagawanya kwa mkono. Halafu tu ndipo nikafungua laptopu:

test_that("chombo kilichorudi kapa kinahesabiwa", {
  safari <- data.frame(id = 1:6)
  samaki <- data.frame(id = c(1, 2, 2, 4, 5),
                       kilo = c(12, 5, 3, 15, 5))
  expect_equal(wastani_safari(safari, samaki), 40 / 6)
})

Hapa nataka kuisifu testthat kwa jambo ambalo darasani halikutajwa. Yale maneno ndani ya alama za kunukuu ni yako. Hayana sheria ya lugha. Nimeandika Kiswahili, na jaribio likianguka, ujumbe unakuja na sentensi yangu: chombo kilichorudi kapa kinahesabiwa, na kando yake alama nyekundu. Jina la funksheni kwa Kiingereza, test that ("jaribu kwamba"), linaanza sentensi, wewe unaimalizia; sisi tunaipa sentensi nzima na inasomeka vizuri zaidi. Mpimaji wetu mmoja, asiyejua R hata kidogo, alisoma faili langu la majaribio akanionyesha kitu nilichokosea kuhusu pweza. Kodi yenyewe asingeisoma.

Jaribio likaanguka, kama nilivyotaka. Ilisema imepata 10 na ilitarajiwa 6.7. Nilikuwa sijawahi kufurahia rangi nyekundu kiasi kile. Nikaongeza all.x = TRUE kwenye merge(), safari zote zikabaki, zile tupu zikaja na NA, alama ya R ya "hakuna data", mahali pa kilo, nikazigeuza NA zote kuwa 0. Kijani. Nikajipigapiga bega.

Wiki iliyofuata nikavuka tena, safari hii na mahamri na mbaazi za kumpelekea Ami, na daftari likanitia adabu mara ya pili. Kwenye ukurasa wake kuna kistari, na kuna nafasi iliyoachwa wazi. Nilidhani ni uvivu wa kalamu.

"Hapana. Kistari, amekosa. Hapa pakavu, hakupimwa. Kijana wenu alikuwa ameshakwenda zake, na samaki wamekwishachukuliwa. Nitaandikaje nisichokiona?"

Kumbe mimi, kwa zile NA zote nilizogeuza sifuri, nilikuwa nimewaandikia kapa watu waliorudi na samaki. Mwanzo nilipandisha wastani, sasa naushusha. Nikaongeza safu kwenye jedwali la safari, ya kusema chombo kimepimwa au la, na jaribio la pili: safari isiyopimwa haiwi sifuri. Vyombo saba sasa, wa saba hakupimwa, na jibu lazima libaki 40 gawanya kwa 6. Likaanguka, nikarekebisha, likapita. Majaribio mawili yaliyotoka kwenye daftari la Kasuku yamenifaa kuliko 31 ya usiku wa kahawa.

Kwa hivyo mtu akiniuliza kama testthat ni ngumu kujifunza, jibu langu ni kwamba pakeji yenyewe utaijua kwa alasiri moja. Funksheni utakazotumia kila siku hazizidi nne au tano. expect_equal kwa nambari. expect_error kwa kuhakikisha kwamba ukiilisha funksheni takataka inakataa (bei yenye "350/=" ndani yake sasa inakataliwa mlangoni, na nguru hawauzwi tena kwa shilingi mbili). expect_true kwa mambo ya ndiyo na hapana. Kazi iko kwenye kulipata jibu la kweli kutoka mahali pengine mbali na kodi yako, na hapo hakuna pakeji itakayokusaidia.

Nilijaribu njia ya mkato. Nina rafiki chuoni anayetumia SPSS, programu nyingine ya takwimu, nikamwambia tufanye hesabu sambamba, zikilingana basi. Tulichukua urefu wa samaki kumi, kwa mfano tu sentimita 1 hadi 10, tukatafuta robo ya kwanza, yaani urefu ambao robo ya samaki wako chini yake. Yeye akapata 2.75. Mimi 3.25. Tukaanza kushutumiana kwa adabu. Nilipofungua msaada wa quantile() katika R nikakuta kuna njia tisa za kukokotoa robo, tisa kamili, na R hutumia ya saba usipoiambia kitu, wakati ile ya SPSS ni ya sita. Hakuna aliyekosea. Jaribio langu sasa linaandika type = 6 waziwazi mahali ambapo ripoti lazima ifanane na zao. Programu ya pili ni shahidi mzuri, lakini muulize kwanza anapima kwa kipimo gani.

Na pale ambapo jibu hulijui wala daftari halipo? Hii niliigundua mwenyewe na bado naionea fahari. Kwa mfano ule ukokotoaji wetu wa uzito kutokana na urefu, siwezi kuufanya kwa kalamu kwa samaki 4,000. Lakini najua mambo ambayo lazima yawe kweli. Nikichanganya mistari ya jedwali kama karata, jumla isibadilike. Nikizidisha kila uzito mara mbili, wastani uzidi mara mbili. Nikiligawa jedwali kwa diko kisha nikajumlisha, nipate kile nilichopata kabla ya kuligawa. Jaribio la kuchanganya mistari liliangukia funksheni moja iliyokuwa inategemea kimyakimya kwamba tarehe zimepangwa. Sikuwa na wazo.

Sasa vijimambo vya ndani, kwa wale watakaoanza kesho.

Usitumie expect_identical kwa nambari zenye nukta. Changu wa kilo 1.1 na mwenzake wa 2.2, ukiwajumlisha, R itakuonyesha 3.3 lakini ukiiuliza kama ni sawasawa na 3.3 itasema hapana, kwa vile kompyuta huhifadhi nambari hizi kwa mfumo wa jozi na makombo hubaki. expect_equal husamehe makombo: uvumilivu wake wa kawaida ni 1.5e-8, ambao kwa tani nzima ya samaki ni miligramu 15. Mizani yetu ya diko haisomi chini ya gramu 50, kwa hivyo sioni haja ya kugombana.

Ukitumia bahati nasibu ndani ya hesabu zako, angalia toleo la R. Nilitaka jaribio linalotoa tena nambari za ripoti yetu ya 2018, yenye makadirio ya kuchota sampuli upya. Nilikuwa na set.seed ileile, yaani mbegu ya kuanzishia bahati nasibu, data ileile, nikapata nambari tofauti. Nusura nimlaumu aliyenitangulia, ambaye tayari anabeba lawama za fakta. Ilikuwa R 3.6.0, ya 2019, iliyobadilisha namna sample() inavyochota. RNGkind(sample.kind = "Rounding") inairudisha ile ya zamani, kwa kunung'unika kwa onyo, na nambari za 2018 zikatoka zote.

Halafu kuna expect_snapshot. Hii huchukua chochote kilichochapishwa, ikakihifadhi kwenye folda ya _snaps, na siku nyingine ikalinganisha. Kwa sura ya jedwali, vichwa vya safu, maandishi ya onyo, ni nzuri mno. Kwa hesabu ni lile darasa la Tudor limevaa kanzu mpya: jibu la funksheni linakuwa hakimu wa funksheni. Naitumia kwa sura peke yake.

Manung'uniko. Ukiisakinisha testthat haiji peke yake. Inakuja na ukoo. Pakeji zaidi ya kumi inazozitegemea moja kwa moja, na hizo nazo zina zao. Nilikuwa natumia bando la simu siku ile, na nilipofika nusu likakata. Mwenye intaneti ya kuungaunga atazame tinytest ya Mark van der Loo, ambayo haivuti pakeji yoyote ya nje na kwa kazi ndogo inatosha kabisa. Mimi nilibaki na testthat kwa ajili ya ujumbe wake wa makosa, unaoonyesha hasa ni wapi vitu viwili vinatofautiana, na kwa zile sentensi zangu za Kiswahili. Ujumbe wenyewe lakini ni Kiingereza kitupu, na maneno mawili, actual na expected, yalinichanganya mwezi mzima mpaka nikayaandika kwenye kikaratasi juu ya skrini: cha kwanza ni chako, cha pili ni cha kweli. Maelezo ya mafunzo nayo ni Kiingereza. Ni mazuri, yana mifano, lakini vijana wetu wa madiko wangehitaji mtu wa kuwatafsiria.

Na hulazimiki kuwa na pakeji ndipo uanze. Mwenye faili moja la kodi anaweza kuandika faili la pili la majaribio na kuliendesha kwa test_file(). Kama ningeambiwa hilo darasani ningeokoa miaka, kwa vile nilidhani mpaka uwe fundi mkubwa.

Jambo la pembeni lisilo na faida yoyote: R ilianzia Auckland, New Zealand, mikononi mwa Ross Ihaka na Robert Gentleman, na Hadley Wickham aliyeandika testthat, iliyoingia CRAN mwaka 2009, naye ni wa huko huko New Zealand. Taifa la visiwa, watu wachache, na nusu ya takwimu zangu zinategemea walichoamua kwao. Ami nilipomweleza aliuliza kama wanavua. Nikasema wanavua sana. Akasema basi.

Nyota? testthat naipa nne kati ya tano; ya tano imekatwa na ule ukoo na bando langu. Darasa nalipa moja na nusu, na hiyo nusu ni ya viazi karai vya mapumziko, vilivyokuwa na ukwaju wa haki.

Hivi sasa diko ina majaribio 19. Kumi na manne yametoka kwenye daftari, kila moja na tarehe yake juu, ili mtu akibisha nimpeleke chini ya mkungu. Nayaendesha kila asubuhi kabla sijagusa data ya jana, na huchukua muda mfupi kuliko kuchemka kwa maji. Ripoti ya kusi nimeiandika upya na kumpelekea bosi pamoja na barua ya kurasa mbili. Alisoma, akanyamaza kidogo, akauliza ni nani huyu Ami na kama tunamlipa. Hatumlipi. Hilo sasa linashughulikiwa.

Juzi nilimsomea tena. Alisikiliza Disemba yote, akatikisa kichwa polepole, akakubali. Kisha, akichagua mwiba kwenye tafi aliyeokwa, akaniuliza, "Na kitoweo je?"

"Kitoweo gani, Ami?"

"Wakishuka, kabla ya mizani, kila baharia hutia samaki wake wawili watatu ndani ya kikapu, wa nyumbani. Huyo hapimwi. Kusi huwa ni nusu ya chombo."

Nimetazama daftari lake. Kitoweo hakiandiki hata yeye.